Namba mliyoiona ndo mniandikie

Nilikuwa naosha vifaa baada ya kipindi, watoto wameshatoka, darasa kimya, ndo nikaishika themomita ya kundi la nne na kuiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Ule uzi mwekundu wa ndani ulikuwa umekatika. Yaani kipande kidogo kimejitenga huko juu, halafu kuna pengo, halafu ndo uzi wenyewe unaendelea chini. Themomita ikiwa hivo inasoma juu kuliko joto lenyewe, kwa sababu lile pengo nalo linahesabika kama urefu. Nikaichovya kwenye ndoo ileile ya maji waliyotumia wote, nikachovya na nzima pembeni yake, nikasubiri. Nzima ikasoma nyuzi 24. Ile iliyokatika ikasoma 31.

Nikaenda kuchukua daftari la kundi la nne. Wameandika 24. Na pembeni kuna vema, nimeiweka mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Nilikaa kwenye dawati la mtoto na lile daftari mkononi, sikumbuki ni kwa muda gani. Maana kusoma walisoma vizuri tu. Ni watoto wa miaka 9 na 10, waliona 31, kisha wakasikia kundi la kwanza linasema 24, la pili 24, la tatu 24 na nusu, wakaandika 24, na mi nikawasifia mbele ya wenzao. Kipindi kizima nilichodhani nimefundisha kupima kumbe nimefundisha kunakili.

Kesho yake nikawaita pembeni, kwa upole kabisa, sikutaka waone kama wana kesi. Nikawauliza jana mliona ngapi. Wakatazamana. Msichana mmoja ndo akajibu, taratibu sana: "Mwalimu, tuliona 31 ila tukajua tumekosea." Nikamwuliza mmejuaje? "Kwa sababu wenzetu wote wamepata 24."

Jibu lake lile nimelifikiria mara nyingi mno tangu siku hiyo, na kila nikilifikiria naona mtoto hakuwa mjinga hata kidogo. Kulinganisha namba yako na za wengine ni jambo zuri, ndivyo hata wanasayansi wanavyofanya. Shida ni kwamba hakuona kama kuna nafasi ya kusema "yetu ni tofauti, njooni tuangalie kwa nini", na hiyo nafasi niliiziba mimi, kwa ile tabia yangu ya kuuliza kwa sauti kundi moja moja, anayetaja namba niliyoitegemea namwambia vizuri sana, asiyeitaja namwambia rudieni. Mtoto akisikia rudieni mara mbili tatu anaelewa mchezo ulivyo. Hatarudia kupima, atarudia kuandika.

Basi nikaanza upya kabisa, na safari hii nikaanza bila kifaa chochote.

Nikakusanya rula zote nikazifungia kabatini, nikawaambia pimeni meza kwa shibiri. Meza ileile moja, huyu akapata shibiri 8, yule 7, mimi nilipopima ikawa 5 na nusu. Ukawa ubishi mkubwa, lakini ubishi mzuri, kwa sababu kwa mara ya kwanza namba zilitofautiana na hakuna aliyekuwa amekosea, mikono ndo haifanani. Nikawaacha wabishane. Mmoja akasema basi tutumie mkono wa mtu mmoja tu, nikawauliza na siku akiwa hayupo je? Wakafikiri, mwingine akasema tuuchore kwenye karatasi tuikate hiyo karatasi kila kundi liwe nayo. Hapo nilitamani kupiga kelele maana wameshaitengeneza rula wenyewe, hawajui tu kama ndo rula. Ndo nikawasimulia kwamba watu wazima nao walipita njia hiyohiyo, kwamba kule Ufaransa miaka ya 1790 walichoka na vipimo vinavyobadilika kila uendako wakaamua mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta, kitu kisichokuwa mkono wa mfalme wala wa jirani, na kwamba tangu 1983 mita inapimwa kwa mwendo wa mwanga. Hilo la mwanga nililipita haraka, kwa umri wao linatosha kulisikia tu.

Nilipotoa rula kabatini walizipokea kama kitu walichokuwa wanakihitaji. Siku zote nilikuwa nazigawa tu, shika rula, pima. Tofauti niliiona machoni.

Sasa kwenye rula yenyewe nataka niseme kitu, kwa sababu watu wengi tunapita haraka tukidhani rula ni rahisi. Weka penseli juu ya rula ianzie kwenye 3 iishie kwenye 11, uliza darasa penseli ina urefu gani. Utapata makundi matatu. Wapo watakaosema 11, hao wanasoma mwisho tu. Wapo watakaosema 9, na hawa ukiwaangalia vidole utaona wanahesabu mistari, tatu, nne, tano mpaka kumi na moja, mistari tisa kweli. Wachache watasema 8. Wale wa 9 wanahitaji kuoneshwa kwamba tunachohesabu ni nafasi kati ya mstari na mstari, mstari wenyewe hauna urefu. Mi nilipata dawa ya hapa kwa vipande vya karatasi vya sentimeta moja moja. Mtoto anavipanga chini ya penseli kimoja baada ya kingine, anahesabu vinane, halafu anarudi kwenye rula mwenyewe anashangaa. Sikuhitaji kusema kitu.

Na sifuri. Jamani sifuri! Rula nyingi za plastiki sifuri haianzii ukingoni, kuna kinafasi cha milimeta kadhaa kabla ya mstari wa kwanza, mtoto anagusanisha ukingo na kitu anachopima na tayari kashapoteza. Za mbao nyingine zinaanzia ukingoni lakini ukingo umeshalika kwa kugongwagongwa. Nikawafundisha kuuliza swali moja kabla ya kupima chochote kile: sifuri iko wapi? Na kama sifuri imelika anzia kwenye 1, halafu kumbuka kutoa 1 mwishoni. Swali hilo tukalibeba kwenye kila kifaa. Kwenye mizani, kabla hujaweka kitu mshale uko kwenye sifuri? Kama hauko, kuna kisukurubu cha kurekebisha, irekebishe kwanza. Kwenye mizani tulikaa siku moja tu, wanaielewa haraka, wanachosahau ni kutoa uzito wa chombo kitupu.

Silinda ya kupimia maji ndo ilinichukua wiki karibu mbili na sijutii hata siku moja.

Nilifanya hivi. Nikaweka silinda moja mezani ina maji, nikawaita watoto watatu, mmoja nikamwambia asome akiwa amesimama wima anaangalia kwa juu, wa pili ainame mpaka jicho lilingane na maji, wa tatu achuchumae aangalie kutoka chini. Kila mmoja aandike kwenye kikaratasi akikunje bila kumwonesha mtu. Tulipofungua, aliyesimama kaandika 54, aliyeinama 52, aliyechuchumaa 51. Maji hayajaguswa! Darasa zima likataka kujaribu, ikabidi wapange foleni, na kila aliyejaribu alikuwa anapanda na kushuka kichwa chake taratibu kama anayechungulia dirishani, akiona namba inavyohama mbele ya macho yake. Ukiwaambia tu "soma jicho likiwa sawa na maji" watakariri na mtihani watapata, lakini ni pale shingo inapopanda na kushuka ndo wanaelewa kwamba namba inatoka kwenye maji na pia inatoka kwa anayeangalia. Wengine wananyanyua silinda waisogeze machoni, hiyo nayo nikawaonesha, mkono unatikisika, maji yanalala upande, silinda ibaki mezani na mtu ndo ashuke.

Halafu lile bonde. Maji kwenye kioo yanapanda kidogo pembeni, katikati yanabonyea, na mtoto anayeangalia kwa makini atakuuliza tu, "Mwalimu nisome hapa juu au hapa chini?" Mi nilifurahi sana aliyeuliza hivo, maana alikuwa ameona kwa macho yake. Tunasoma chini ya bonde. Nikaweka karatasi nyeusi nyuma ya silinda, bonde likaonekana wazi kabisa, ni kitu kidogo lakini kinasaidia mno hasa wale walio na shida ya kuona vizuri na hawasemi.

Kingine kinachowachanganya ni vile vimistari vidogo. Wamezoea rula, wanadhani kila kimstari ni moja. Kuna silinda kimstari ni mililita 1, nyingine ni 2, nyingine 5. Nikawazoesha kufanya hesabu kidogo kabla, chukua namba mbili zilizoandikwa zinazofuatana, toa, halafu gawanya kwa idadi ya nafasi zilizopo katikati. Kutoka 20 mpaka 30 kuna nafasi 5, basi kila nafasi ni 2. Hapo ndo utaona kama somo la kuhesabu nafasi kwenye rula liliingia au halikuingia, kwa sababu aliyehesabu mistari kule atahesabu mistari na huku, atapata 6, na 10 kugawa kwa 6 haitoki vizuri, ataanza kukukodolea macho.

Tulipomaliza nikawaambia pimeni mililita 100 za maji kwa silinda, halafu pimeni uzito wake kwa mizani, mtoe uzito wa chombo. Wakapata gramu 98, 101, 99, 100, 97. Mililita moja ya maji ni karibu sana na gramu moja na wao hawakuwa wanajua. Zamani ningemwambia wa 97 arudie. Safari hii nikaziandika zote ubaoni kwa mpangilio, nikakaa kimya. Wakaanza wenyewe, "mbona zote ziko karibu na 100?" Kisha mmoja wa kundi la 97 akasema sisi tulimwaga kidogo wakati wa kuhamishia. Kasema mwenyewe, bila kuulizwa, mbele ya watu. Hicho ndo nilichokuwa nakitafuta tangu siku ile ya themomita.

Kuna mambo niliyabadilisha darasani ili hilo liwezekane, na hayakuhitaji kifaa kipya. La kwanza, kila kundi linaandika namba yake kwanza, kwa kalamu ya wino, kabla kundi lolote halijataja namba kwa sauti. La pili, hakuna kufuta. Ukiona umekosea piga mstari mmoja, namba ya zamani ibaki inasomeka, andika mpya pembeni na neno moja kwa nini umebadilisha. Mwanzoni walichukia sana, wanapenda daftari safi, na wazazi wengine walilalamika kwamba daftari chafu, nikawaeleza, walielewa. La tatu, kabla ya kupima unakadiria. Unaangalia unasema mi nadhani sentimeta 30, unaiandika, ndo unapima. Anayekadiria hadanganywi kirahisi na kifaa kibovu, kwa sababu akiona maji anayoyagusa kwa mkono wala si ya moto yanasoma 60 atashtuka.

Na la nne ni vizio. Mtoto anakuletea daftari limeandikwa 12. Kumi na mbili nini? Nilikuwa nawaambia tu "andika kizio" kila siku mpaka nimechoka, hawaandiki. Siku nikawasimulia kile chombo cha anga cha Marekani kilichopotea kwenye sayari ya Mars mwaka 1999, kwamba upande mmoja programu ilikuwa inatoa hesabu za nguvu kwa kizio cha paundi na upande wa pili ikizisoma kama nyutoni, safari nzima ya miezi zaidi ya tisa, chombo kikafika kikaikaribia sayari kupita kiasi kikapotea. Darasa likanyamaza. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo namba zilikuwa sahihi?" Nikamwambia ndiyo, namba zilikuwa sahihi. Akainama, nikamwona anafungua kurasa za nyuma za daftari lake anaongeza sm, sm, sm kwenye kila namba.

Watoto pia wanapenda ile habari ya Celsius, yule mwanasayansi wa Sweden, kwamba alipoleta kipimo chake cha joto mwaka 1742 aliweka sifuri pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda, baadaye ndo ikageuzwa kuwa hivi tunavyoijua. Wanaipenda kwa sababu inawaonesha kwamba namba kwenye themomita ziliwekwa na mtu, na watu walizungumza wakakubaliana. Huwa naisimulia nikiwa nimeshika ile themomita iliyokatika. Najua unaweza kuirekebisha kwa kuiweka kwenye barafu yenye chumvi mpaka kimiminika chote kishuke kiungane, lakini ile sijairekebisha, nimeitunza ya kufundishia.

Walimu wenzangu wengine huniambia mtihani unataka jibu moja, ukiwazoesha kwamba namba tofauti zote zinapokelewa watafeli. Nawaelewa, na wala sipokei kila namba. Kundi likiniletea gramu 60 pale wenzao wako kwenye 98 na 101, tunakaa chini tunatafuta ilikotoka mpaka tuipate, mara nyingi ni sifuri ya mizani au wamesahau chombo. Ninachokataa ni namba kubadilishwa kabla haijatafutwa ilikotoka. Kwa mtihani hawajafeli, wanasoma silinda iliyochorwa kwenye karatasi kama wanavyosoma ya mezani, kichwa kinashuka kabisa mpaka kwenye karatasi.

Niseme la mwisho ambalo bado liko moyoni.

Ilikuwa karibu na kufunga muhula, tunapima muda kwa stopuwochi. Unafunga jiwe kwenye uzi, unalining'iniza, unaliachia libembee, unahesabu mara kumi kwenda na kurudi, unaangalia imechukua sekunde ngapi. Uzi wa mita moja unachukua karibu sekunde 20 kwa mara kumi. Nyuzi nilizikata mimi mwenyewe, mita moja na kipande kidogo cha kufungia, kila kundi moja. Nilijua kosa litakalokuja, wanapoachia jiwe wanasema "moja" wakati bado halijabembea hata mara moja, wanamaliza na mizunguko tisa mkononi, sekunde 18. Sifuri tena ileile ya kwenye rula. Nikawaambia ukiachia sema sifuri, wakacheka, wakashika.

Makundi yakaandika, kisha wakataja. 20 na nukta 1. 19 na nukta 8. 20 na nukta 3. Kundi la mwisho likasema 17.

Nikahisi neno liko kwenye ulimi. Rudieni. Lilikuwa limeshafika kabisa, kwa sababu mi najua ni 20, nyuzi nimekata mwenyewe, kidole cha mtoto kinaweza kuchelewa kubonyeza lakini sekunde tatu nzima haiwezekani. Kabla sijafungua mdomo yule msichana, ni yuleyule wa themomita iliyosoma 31, akasema, "Mwalimu tumepima mara tatu. 17, 17 na nukta 1, 16 na nukta 9." Akanyanyua daftari nione, zote tatu kwa wino, hakuna iliyokatwa.

Nikamwambia, mwanangu wenzako wote wana 20.

"Ndiyo mwalimu," akasema, "tumesikia." Halafu hakusubiri niseme kitu kingine, akaenda kabatini akatoa rula ya mita, akarudi kwenye uzi wao, akaishikilia sifuri pale uzi unapoanzia kwenye kijiti huku mwenzake akishika jiwe lisitikisike, akainama mpaka jicho likawa sawa na katikati ya jiwe. Nikasogea. Nikaona walipokuwa wanafunga walikuwa wameuzungusha uzi kwenye kijiti mara nyingi sana, limekuwa fundo nene kama kidole gumba.

"Sentimeta 72," akasema.

Nikachukua chaki nikaandika ubaoni, kundi la mwisho, sekunde 17, na pembeni yake uzi sm 72. Makundi mengine yakaanza kuamka moja moja kwenda kabatini kutafuta rula.